Keki ya ndizi zilizoiva mno: kupima, kuchanganya na kupalia moto juu

Ndizi inayofika kisiwani Lamu imeshapita mikono mingi. Hukatwa mashambani Mpeketoni, Witu au Hindi ikiwa bado ngumu, ikapelekwa kwa gari mpaka gati ya Mokowe, ikavuka kwa mashua, kisha ikapandishwa mjini kwa mkokoteni au juu ya punda. Kaskazi ikivuma na joto likashika, chane uliyoinunua sokoni ikiwa njano haimalizi siku nyingi: inafanya madoa, inalegea, mwishowe ngozi yote ni nyeusi na watoto hawaitaki tena. Wengi huitupa siku hiyo. Hiyo ndiyo siku ya kuoka.

Ndizi ya hivyo inaingia kwenye keki na vitu viwili kwa wingi: sukari na maji. Karibu robo tatu ya uzito wa nyama yake ni maji. Asiyeyahesabu maji hayo hupata keki yenye tabaka la ute chini, na asiyeihesabu sukari hupata keki iliyoungua nje huku katikati bado ni rojo. Makosa mengi ya keki hii yana asili hapo, na la tatu ni moto. Kwa kuwa nyumba nyingi huoka kwa makaa, moto tutaueleza kwa urefu kuliko kitu kingine chochote.

Ndizi ipi imefika

Ndizi changa imejaa wanga. Inavyoiva, vimeng'enya vilivyomo ndani yake hugeuza wanga huo kuwa sukari. Ndizi ya kijani ina wanga wa kama asilimia 20 ya uzito wake. Iliyoiva kabisa hubakiwa na asilimia 1 au 2 tu. Ndiyo maana ndizi ya njano isiyo na doa hata moja, ingawa ni nzuri kuliwa, haitoi keki ya maana. Ladha yake hupotea ndani ya unga, nawe utalazimika kuongeza sukari ya dukani kuifidia.

Subiri mpaka zaidi ya nusu ya ngozi iwe nyeusi na ndizi ilegee yote ukiishika, si ncha yake tu. Ukiimenya, nyama iwe ya rangi ya asali mahali mahali na ipondeke kwa uma bila kubakiza mabonge. Iliyokuwa nyeusi tii bado inafaa, tena ndiyo yenye ladha kali zaidi, lakini ina majimaji mengi, na hapo chini tutasema cha kupunguza.

Weusi wa ngozi, hata hivyo, hudanganya. Ndizi iliyowekwa kwenye friji ikiwa bado changa hugeuka nyeusi kwa sababu ya baridi, si kwa kuiva. Chini ya nyuzi 13 za Selsiasi hivi ngozi huharibika na kuiva kunasimama. Imenye uone: nyama itakuwa nyeupe na ngumu. Vivyo hivyo ndizi iliyobondeka safarini huwa na weusi upande mmoja tu, ule uliolaliwa na mzigo, na upande wa pili bado haujafika. Zote mbili ziache mezani, kwenye joto la kawaida, siku mbili tatu zaidi. Ukiwa na haraka, zifunge ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja iliyokwisha kuiva. Hewa ya ethilini inayotoka kwenye ile iliyoiva huziharakisha zenzake. Mfuko wa nailoni haufai, kwa kuwa hutoa jasho na ukungu huingia.

Ipo mipaka ambayo hupaswi kuivuka. Ndizi yenye ukungu kwenye kikonyo au ndani, inayovuja maji, au inayonuka kama pombe au siki, itupe. Harufu hiyo inamaanisha sukari imeanza kuchacha, na kuoka hakuiondoi. Mistari ya kahawia kwenye nyama bila harufu mbaya haina neno.

Kuhusu aina: kisukari, ile ndogo yenye ngozi nyembamba, ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa keki, kwa utamu na harufu yake. Ndizi kubwa ndefu za kawaida zinafaa vizuri na ni rahisi kupata. Mkono wa tembo, hata ukiwa mweusi, hubaki na wanga zaidi na nyuzi ngumu, na keki yake huwa nzito kama sima. Huo upike kwa tui na iliki, utakula kwa raha zaidi.

Vipimo

Vipimo hivi ni vya chombo cha duara cha sentimita 20 kwa upana, chenye kina cha sentimita 6 au 7, au bati la mkate la sentimita 23 kwa 13.

- Ndizi zilizomenywa na kupondwa, gramu 350 (kikombe kimoja na nusu)
- Unga wa ngano mweupe, gramu 250 (vikombe 2)
- Sukari, gramu 140 (theluthi mbili za kikombe)
- Mayai 2
- Mafuta ya kupikia au mafuta ya nazi, mililita 100 (vijiko 7 vya mezani, visijae sana)
- Tui zito la nazi, mililita 60 (vijiko 4 vya mezani)
- Maji ya ndimu, kijiko 1 cha mezani
- Bekingi poda, kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa
- Bekingi soda, nusu kijiko cha chai, iliyosawazishwa
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai, na mdalasini kiasi hicho hicho
- Simsim ya kunyunyiza juu, kijiko 1 cha mezani, ukipenda

Kikombe hapa ni cha mililita 250. Vikombe vya chai vya nyumbani havilingani, kwa hiyo chukua chupa ya maji ya nusu lita na ujaze kikombe chako: ikitoa vikombe viwili kamili, ndicho. Unga usiukandamize, utie kwa kijiko mpaka ujae, kisha usawazishe kwa mgongo wa kisu. Ukichota kwa kikombe moja kwa moja kutoka mfukoni unga hushindiliwa, na unaweza kuzidisha gramu 30 bila kujua.

Ndizi ndiyo ya kupima kuliko vyote. "Ndizi tatu" si kipimo, maana kisukari tatu hazifiki nusu ya ndizi kubwa tatu. Kama unanunua kwa mizani, ngozi huchukua karibu theluthi ya uzito, kwa hiyo gramu 350 za nyama zinatoka kwenye kama gramu 530 za ndizi zenye ngozi. Usiseme ndizi moja imebaki, basi niitie nayo. Gramu 100 za ziada ni kama kuongeza zaidi ya robo kikombe cha maji.

Ndizi zikiwa nyeusi tii, punguza tui liwe vijiko 2 vya mezani na sukari iwe gramu 120.

Wengi huuliza kwa nini bekingi poda na bekingi soda zote mbili. Soda ni alkali. Hutoa gesi inapokutana na asidi, na ndizi ina asidi kidogo tu, ndiyo maana tumeongeza ndimu. Kazi yake nyingine ni rangi: alkali husaidia keki kuwa ya kahawia iliyokolea, rangi ambayo watu wanaijua kuwa ya keki ya ndizi. Lakini soda hufanya kazi mara tu inapolowa, na kwenye jiko la makaa joto hupanda polepole, hivyo gesi nyingi huweza kutoroka kabla keki haijashika. Bekingi poda inayouzwa madukani kwa kawaida hutoa gesi mara mbili, mara ya kwanza ikilowa na mara ya pili ikipata joto. Hiyo mara ya pili ndiyo inayoinua keki ya makaa.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na makopo haya huharibika mapema kuliko tarehe iliyoandikwa. Yapime kabla ya kuvunja mayai. Nusu kijiko cha bekingi poda kwenye maji ya moto lazima ifoke papo hapo. Soda kidogo kwenye maji ya ndimu vivyo hivyo. Ikitoa viputo vichache vya uvivu, nunua nyingine.

Mafuta yana jambo lake. Vitabu vingi vya keki huanza kwa kupiga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe na laini. Kazi hiyo inataka siagi ya joto la kama nyuzi 20, iliyolainika bila kuyeyuka. Jikoni Lamu mwezi wa Februari siagi inatoka kwenye ugumu wa friji ikawa mafuta huku ukiitazama, na siagi iliyoyeyuka haishiki hewa hata uipige saa nzima. Kwa sababu hiyo tunatumia mafuta ya maji. Keki yake hubaki laini hata siku ya tatu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mayai na tui yasitoke kwenye friji moja kwa moja, la sivyo utaona vipande vyeupe vya mafuta vikielea. Ukitaka samli, gramu 90 iliyoyeyushwa na kupoa inatosha, nayo inapatana sana na iliki.

Unga wa atta unaweza kuchukua nafasi ya theluthi moja ya unga mweupe, si zaidi, na uongeze vijiko 2 vya tui. Kama unga wako umeshatiwa bekingi poda kiwandani, acha bekingi poda na chumvi, na soda iwe robo kijiko.

Kuchanganya

Washa moto kwanza, au oveni, kisha ndipo uanze kuchanganya. Rojo lililokwisha kuchanganywa halipendi kungoja makaa yashike.

1. Paka chombo samli au mafuta, tandika karatasi ya kuokea chini, kisha nyunyiza unga pembeni na ukung'ute uliozidi. Kwa jiko la makaa usiiache karatasi: sukari ya ndizi hugandamana na sufuria.

2. Ponda ndizi kwa uma kwenye sahani mpaka ziwe rojo lenye chembe ndogo ndogo za ukubwa wa punje za mchele. Tia ndimu juu yake. Usitumie blenda. Blenda hufanya rojo liwe laini mno na kulijaza viputo vidogo, na keki hutoka imeshikana kama mpira.

3. Kwenye bakuli kubwa, piga mayai na sukari kwa mchapo wa mkono dakika 2 mpaka rangi ipauke. Mimina mafuta kidogo kidogo huku ukipiga, kisha tui, kisha ndizi. Mchanganyiko utaonekana kama umekatika. Si kitu, unga utaushika.

4. Chunga pamoja unga, bekingi poda, soda, chumvi, iliki na mdalasini. Chunga mara mbili. Bonge moja la soda lisilovunjika hubaki kama doa la manjano lenye ladha ya sabuni, na litampata mgeni.

5. Mwaga unga wote juu ya mchanganyiko na uuingize kwa mwiko, ukipitisha chini na kufunika juu, mara 15 hadi 20. Ukiona hakuna unga mkavu, acha. Mabonge madogo ya unga uliolowa yatapotea jikoni.

Hapo kwenye hatua ya 5 ndipo mikono mizuri inapoharibu. Tumezoea kukanda chapati na kupiga unga wa kaimati mpaka uvutike, na mkono unataka kuendelea. Unga wa ngano ukilowa na kukorogwa hujenga nyuzi za protini, ambazo ni baraka kwa chapati na balaa kwa keki. Keki iliyokorogwa sana huwa ngumu, na ukiikata utaona vishimo virefu kama njia za mchwa.

Ukitaka zabibu kavu, tende au korosho, gramu 80 zinatosha. Zipukuse kwa kijiko kimoja cha ule unga mkavu kabla ya kuzitia, zisizame.

Mimina kwenye chombo, sawazisha juu, nyunyiza simsim, na upeleke jikoni ndani ya dakika 5. Rojo lisizidi theluthi mbili za kina cha chombo.

Kuoka kwa makaa

Mtu aliyewahi kuoka mkate wa sinia kwa kupalia moto juu anajua nusu ya kazi hii. Tofauti ni kwamba keki ya ndizi ni nene zaidi na ina sukari zaidi, kwa hiyo inataka moto mdogo na wa muda mrefu, na hasa moto mdogo chini.

Unahitaji sufuria kubwa nene yenye nafasi ya kama vidole viwili kuzunguka chombo cha keki, kifuniko bapa cha bati au sinia lenye ukingo la kuwekea makaa, na mchanga. Bati la mkate lenye kina kirefu liache kwa ajili ya oveni. Kwenye makaa tumia chombo cha duara kipana, ambacho rojo lake halizidi sentimita 4. Kadiri rojo linavyokuwa jembamba ndivyo katikati inavyoiva kabla ukingo haujaungua.

Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula sufuria. Uoshe kwa maji baridi mara mbili tatu, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha utandaze ndani ya sufuria kwa unene wa sentimita 2 au 3. Ukiwa na unyevu utatoa mvuke na keki itatokota badala ya kuoka. Juu ya mchanga weka kigae bapa au kifuniko cha kopo kilichopinduliwa ili chombo kisigusane na mchanga. Usiweke mawe yaliyookotwa baharini: maji yaliyojificha ndani yake yakichemka, jiwe hupasuka.

Washa makaa na uyaache yashike yote mpaka yapate utando wa majivu meupe. Makaa meusi yaliyowaka nusu hutoa moshi, na keki yenye tui hunyonya harufu ya moshi upesi. Yakiwa tayari yagawe: theluthi moja ibaki chini kwenye jiko, theluthi mbili ziende juu ya kifuniko, zaidi ukingoni na chache katikati. Acha sufuria ipate moto dakika 10 ikiwa tupu.

Sasa pima moto. Weka kipande cha karatasi nyeupe ndani ya sufuria, ufunike kwa dakika 5. Ikitoka na rangi ya kahawia hafifu kama ya biskuti, tia keki. Ikiwa imekolea sana au imeanza kuungua, ondoa makaa matatu manne ya chini, ungoje, upime tena. Ikiwa bado nyeupe, ongeza juu. Dakika hizi tano huokoa mayai yako, unga wako na ndizi zako, nasi hatumshauri mtu yeyote kuziruka, hata aliyeoka miaka mingi, maana makaa ya gunia hili si makaa ya gunia lililopita.

Weka keki, funika, usifunue kwa dakika 25 za mwanzo. Keki inapopanda hushikiliwa na gesi tu. Hewa baridi ikiingia hapo, gesi husinyaa na katikati hudidimia. Baada ya dakika 20 makaa ya juu huwa yamepungua, kwa hiyo weka tayari jiko dogo la pili lenye makaa machache ya kuongezea. Ya chini usiyaongeze isipokuwa yamekufa kabisa.

Unapofunua, pangusa kwanza majivu ya ukingoni kwa kitambaa kikavu, kisha inua kifuniko wima, bila kukiinamisha, ukipeleke pembeni. Kikiinama kidogo tu, majivu yote yanaingia kwenye keki.

Keki ya duara ya vipimo hivi huchukua dakika 45 hadi 60. Chukua uchelewa safi wa ukuti, uuchome katikati. Ukitoka na rojo lililolowa, bado. Ukitoka na chembe chache zenye unyevu, tayari. Usingoje utoke mkavu kabisa kama kwa keki ya kawaida, kwa sababu ndizi haikauki hivyo na utakuwa umeikausha keki. Choma sehemu mbili, maana uchelewa ukipita kwenye kipande cha ndizi utakudanganya. Ukibonyeza juu kwa kidole, irudi. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, katikati isome nyuzi 94 hadi 96.

Upepo ni jambo la kuhesabu, hasa kwa wanaopikia juu darini. Kusi ikivuma, makaa ya juu hupulizwa, yanawaka mara mbili na kwisha mara mbili. Kinga jiko kwa bati upande upepo unakotoka, na kila dakika 15 zungusha kifuniko robo mzunguko, la sivyo upande mmoja utakuwa mweusi na wa pili mweupe. Lakini kukimbia upepo kusikufanye uingie na jiko chumbani ukafunga dirisha. Makaa hutoa hewa ya kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Oka mahali wazi au penye hewa inayopita pande mbili.

Kwa oveni

Hapa maneno ni machache. Nyuzi 175, au 160 kama oveni ina feni, rafu ya katikati. Chombo cha duara dakika 45 hadi 55, bati la mkate dakika 55 hadi 65, vikeki vya vikombe dakika 18 hadi 22. Juu ikikolea kabla ya dakika 40, tandaza karatasi ya foili juu bila kuibana. Oveni nyingi za gesi huwa kali zaidi nyuma. Geuza chombo ikishapita theluthi mbili ya muda.

Ikiharibika, sababu ni hizi

*Chini imeungua, katikati mbichi.* Moto wa chini ulizidi, au mchanga ulikuwa mwembamba. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye makaa, na watu hulilaumu unga bure. Mara nyingine punguza makaa ya chini kwa nusu na uongeze muda. Kwa iliyokwisha kuungua: kata tabaka la chini, rudisha iliyobaki juu ya karatasi, moto uwe wa juu peke yake, dakika 10.

*Imepanda vizuri kisha ikadidimia.* Ulifunua mapema, au uliitoa kabla ya wakati. Lakini ikiwa haikufunuliwa na uchelewa ulitoka safi, basi tazama soda na poda: zikizidi, keki hupanda kwa kasi kuliko inavyoweza kushika, ikaanguka.

*Tabaka la ute chini, kama ndizi iliyochemshwa.* Ndizi zilizidi, au zilisagwa kwa blenda, au ndizi nyeusi tii zilitiwa na tui lote. Ukiyaangalia hayo yote na bado ipo, keki haikuiva.

*Ladha ya sabuni na rangi ya kijivu.* Soda ilizidi asidi. Angalia kama ulisawazisha kijiko na kama ndimu iliingia.

*Nyuzi nyeusi nyembamba ndani ya keki.* Hili si kosa. Ni nyuzi za ndizi zenyewe, hukolea rangi kwenye joto na alkali. Wapo wanaodhani ni unywele ama ukungu na kutupa keki nzima.

*Haina ladha ya ndizi.* Ndizi hazikuwa zimeiva. Hakuna cha kuongeza kitakachotengeneza hilo. Hata kuzioka ndizi za njano ndani ya ngozi zake mpaka ziwe nyeusi, jambo ambalo wengine hulifanya, huzilainisha tu na kuzitia utamu kidogo. Harufu ya ndizi iliyoiva yenyewe haiji.

Asiyekula mayai

Weka mtindi mzito mililita 120 mahali pa mayai mawili, na uache tui na ndimu, kwa kuwa mtindi una maji na asidi vya kutosha. Vipimo vingine visibadilike. Keki haitapanda juu sana na itavunjika kwa urahisi, kwa hiyo ioke kwenye chombo kipana na uikate vipande vya mraba ikishapoa kabisa. Usijaze pengo la mayai kwa ndizi zaidi; tumeshaona maji yake yanafanya nini.

Kupoza na kuhifadhi

Acha keki ndani ya chombo dakika 15, kisha ipindue na uiweke juu ya waya au ungo, hewa ipite chini. Ikibaki chomboni, mvuke wake hurudi na kulowesha kitako. Usiikate kabla ya saa moja. Ladha yake hukaa vizuri zaidi siku ya pili, iliki na ndizi zikishaingiana, lakini usiifunge ikiwa na joto hata kidogo: matone ya jasho ndani ya kifuniko ni mwanzo wa ukungu.

Kwa joto letu, keki yenye tui iliwe ndani ya siku 2 ikiwa mezani. Kwenye friji, imefungwa vizuri, hukaa siku 5. Ipashe vipande vyake juu ya chuma cha chapati kavu kwa dakika mbili kila upande, hasa kwa futari au chai ya alfajiri. Iliyotiwa maziwa badala ya tui hustahimili kidogo zaidi, ingawa haina utamu ule.

Ndizi zikiwa nyingi kuliko siku za kuoka, zimenye kabla ya kuzigandisha, kwa sababu ngozi iliyogandishwa ni taabu kuimenya. Pima gramu 350, zitie kwenye mfuko, toa hewa, andika uzito na tarehe juu yake. Ndani ya friza hukaa miezi 3. Zikiyeyuka hutoa maji mengi ya kahawia: usiyamwage, yamebeba sukari na harufu. Yachuje kwenye sufuria ndogo, yachemshe kwa moto mdogo mpaka yabaki kama nusu na kuwa mazito, yapoe, kisha uyarudishe kwenye ndizi zilizopondwa. Keki ya ndizi hizo haihitaji tui zaidi ya vijiko 2.